Krediti za Solange

Nikipita Jules Street, pale wanapofunika vyeti kwa plastiki, harufu ya ile plastiki iliyopata moto hunisimamisha. Watu wengine huipita wakaenda zao. Mimi huwa nasikia naitwa, tena si kwa jina langu.

Jina langu ni Nsimire. Lakini shuleni na kwenye karatasi zote za ukimbizi niliitwa Solange. Solange alikuwa binti wa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea. Tulipotoka Bukavu, homa ilimuua Solange njiani. Yeye alikuwa na miaka minane, mimi sita. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwepo, na mimi sikuwa na karatasi hata moja, basi Mama Mkubwa akanivusha mpaka kwa cheti cha mwanawe. Lisilo budi hutendwa. Si sisi peke yetu tuliovuka hivyo, na pale Bertrams, mtaa wa wahamiaji tulikofikia, watu hawakuulizana sana.

Mwaka 2017, nikiwa darasa la kumi na moja, mwalimu wa hesabu aliniingiza kwenye mpango wa Jumamosi wa chuo kimoja. Wanafunzi wa sekondari walisoma somo la mwaka wa kwanza, na aliyefaulu alipata krediti, yaani somo lile lilihesabiwa kwenye shahada yake hata kabla hajafanya matriki, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa karatasi nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwa mifupa yangu, kumi na mitano, na viti vya ukumbi ule vilinimeza.

Nilisoma, jamani. Nilisoma nikisuka nywele katika saluni ya Mama Mkubwa, kitabu kimefunguliwa kando ya kioo, na mteja mmoja maskini alitoka na mistari miwili iliyopinda kwa ajili ya hilo somo langu la takwimu.

Nyumbani Mama Mkubwa aliniita Nsimire siku zote. Ila Jumamosi asubuhi alinisindikiza hadi kwenye robot, akangoja taa za barabarani zibadilike huku akiomba kwa sauti: "Bwana, umulinde Solange." Nilianza kumchukia yule marehemu. Jasho langu, krediti zake!

Siku ya mtihani, juu ya karatasi ya majibu, niliandika Nsimire. Nawaambieni ninyi tu: sikukosea.

Baada ya wiki mbili msimamizi wa mpango alituita, mimi na Mama Mkubwa. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwa nini ana mtihani wa mtu asiyeandikishwa, na Solange hana mtihani. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Uongo wa mpakani ungejulikana, karatasi zetu zote zingekwenda na maji.

Mama Mkubwa alitabasamu. "Mwambie ni jina ya nyumba. Kwetu mutoto anakuwaka na majina mbili."

Nikatafsiri. Kwa mdomo wangu mwenyewe nikazihamishia krediti zangu kwa Solange.

Njiani nilingoja kofi. Halikuja. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Nsimire, iyo jina usiichoke. Mwenyewe hana kitu ingine."

Mwisho wa mwaka walitugawia vyeti. "Solange" lilipoitwa, nilikaa kidogo, kwa ukaidi tu. Mama Mkubwa akainuka. Hakunitazama mimi niliyekuwa kando yake. Aligeukia mlango wa ukumbi, akautazama kama anayemngoja mtu aliyechelewa. Jina likaitwa mara ya pili. Nikaenda, na mgongo wangu ulikuwa baridi, maana nilihisi kuna mtu ananifuata. Siku hiyo hiyo tulikipeleka cheti Jules Street kikafunikwe plastiki, naye akakibeba kifuani mpaka nyumbani.

Miaka mingi nilishika kinyongo kwamba niliporwa jina. Mama Mkubwa alikuwa ameshazikwa nilipoanza kuyafikiria ya pale mpakani, jinsi alivyosimama na ile karatasi mkononi, kaburi la mwanawe likiwa bado bichi nyuma yetu. Ndicho kitu pekee cha Solange kilichokuwa kimebaki, na alinipa mimi nivuke. Sikuwahi kumshukuru.