Kipande cha Nyama Chenye Muhuri wa Kanisa

Nyinyi wa Murang'a mlionipigia simu kuuliza kama ni kweli nimelisha watu punda, hii ndiyo safari yenyewe. Nimeiandika ili nisiisimulie mara kumi.

Jumamosi niliuza nyama ya ruracio, sherehe ya mahari, kwa Mama Nyokabi, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu hapa Dagoretti. Wakwe wake walipoketi kula, mzee mmoja wao alisukuma sahani kando akasema nyama ni nyeusi mno na ina utamu usio wa ng'ombe. Hakutaja punda, wengine walimtajia. Kufikia Jumapili jioni bucha niliyoachiwa na marehemu mume wangu haikupata mteja hata wa robo kilo. Nikasimama mbele ya kamati ya kanisa kwa hasira, nikasema kipande kilichobaki kipelekwe maabara kipimwe. Walikubali upesi kuliko nilivyotaka.

Kuna jambo sikuwaambia. Ijumaa ile mtu anayeniletea nyama siku zote hakuja, nikanunua paja kwa mwenye pikapu nisiyemjua. Muhuri wa mkaguzi ulikuwepo ila umefifia, nami nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeapia nyama ambayo hata mwenyewe sikuijua, na usingizi ulinipaa.

Jumanne saa moja asubuhi, Dagoretti. Kamati ilikuja bucha, ikanitazama nikikata kipande kutoka kwenye friza. Wakakitia kwenye boksi la barafu, wakazungusha selotepu, kisha katibu akapiga muhuri wa kanisa juu yake mara nne, nisije nikakibadilisha njiani. Wakanipa na mlinzi: Mzee Mutua, mweka hazina, karani mstaafu aliyetoka Machakos zamani. Aliingia kwenye teksi akalipakata boksi kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Saa mbili na nusu, Westlands. Foleni haikusonga. Nilimuuliza Mzee Mutua kama barafu imeyeyuka, akasema bado. Nikauliza tena, na tena. Niliogopa nyama ingeharibika wasiweze kuipima, na niliogopa pia kwamba ingefika salama ikapimwa.

Saa tatu na robo, Spring Valley. Maabara iko kwenye nyumba ya zamani, nyuma ya ua uliokatwa vizuri, na kimya cha mtaa ule kilizidi kunitia wasiwasi. Alitupokea msichana aitwaye Kerubo, umri wa binti yangu Wambui. Alisoma muhuri wa kanisa akauma mdomo asicheke. Kisha akafungua.

"Mum, hii ni mob sana," akasema. "Mimi nataka tu kitu size ya punje ya mahindi."

Akaniuliza nyama ilikatiwa wapi. Nikamwambia, kwenye gogo la bucha. Hapo nikamuuliza kama haidhuru, maana gogo lile limekatiwa ng'ombe na mbuzi tangu enzi za mume wangu. Akakiri kwamba hilo lingeweza kuharibu kipimo, kwa kuwa mashine yake huona hata mabaki madogo. Ndiyo sababu angechuna sehemu yote ya nje na kutoa punje yake katikati, kwa kisu kipya.

Nilimwomba anieleze, naye alinieleza bila haraka. Kila chembe ya nyama ina vinasaba vya mnyama wake. Yeye huvitoa kwa dawa, kisha huviweka kwenye mashine inayovipasha moto na kuvipoza tena na tena, na kila mzunguko sehemu ndogo inanakiliwa, hadi kisichoonekana kionekane. Kuna dawa inayoshika vinasaba vya ng'ombe tu, na nyingine ya punda tu. Itakayopata cha kushika ndiyo itakayotoa jibu. Nikamuuliza kama nyama iliyochomwa nayo hupimika.

"Hata ikichomwa, mum, itasema."

Saa saba, katikati ya mji. Tuliambiwa turudi saa kumi, na Mzee Mutua alitaka kununua wino, kwani ule wa kanisa uliishia kwenye boksi letu. Tukaingia hotelini. Yeye aliagiza chapati na nyama ya ng'ombe, mimi ndengu. Alimaliza sahani yake yote, akafuta mchuzi kwa chapati, huku mimi nikihesabu saa.

Saa kumi, Spring Valley tena. Kerubo alitoa bahasha iliyofungwa, imeandikwa jina la kamati. Nikamwomba anidokezee tu. "Sorry, mum, wenye sample ni committee. Siwezi." Nilimchungulia usoni nisione kitu. Mzee Mutua akaitia bahasha ndani ya koti lake.

Saa kumi na moja, Westlands, foleni ile ile. Nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, mimi sijui hiyo barua inasema nini."

"Hakuna mtu anajua. Si imefungwa?"

"Hata Jumamosi sikuwa najua."

Nikamweleza habari ya pikapu, muhuri uliofifia na haraka yangu. Nilikuwa nikilia, na dereva akaongeza sauti ya redio kwa adabu. Magari yalipoanza kusonga, Mzee Mutua alinigeukia.

"Mama Wambui, mimi nilitumwa kuchunga boksi," akasema. "Hiyo ingine ni yako, utaibeba mwenyewe."

Saa moja kasoro, Dagoretti. Kamati ilikuwa imeketi kanisani ikitungoja. Mama Nyokabi alifungua bahasha kwa kisu cha keki, akasoma kimya, kisha kwa sauti: ni ng'ombe, hakuna punda. Makofi yakalia. Nami nikapiga pia kwa raha. Mama Nyokabi alinikumbatia akatoa simu, akasema anampigia mkwe wake sasa hivi ajue mimi ni mtu mwaminifu.

Mkiniuliza nimejifunza nini huko, ni kwamba mashine ya Kerubo hujibu swali moja tu. Iliulizwa huyu ni mnyama gani, ikajibu kweli. Kama niliikagua nyama kabla ya kuwauzia watu, hilo hakuna aliyeiuliza.

Mzee Mutua hakupiga makofi. Alikuwa akijaza wino kwenye kibweta cha muhuri, polepole, macho kwangu.

Nikamshika Mama Nyokabi mkono wenye simu.

"Usipige kwanza," nikamwambia.