Jumapili Zisizo na Bei

Mama Djamila anachapa kazi za wanafunzi hapa Kasongo, katika kibanda chenye kompyuta moja na paneli moja ya jua. Mimi nauza vocha za simu mlangoni pake, kwa hiyo sipitwi na neno. Mume wake, Moussa, alifukiwa na udongo wa shimo la dhahabu kule Lusangi mwaka juzi, mwezi wa nane, siku ya Jumapili. Djamila alikaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, akafungua tena kibanda, akaendelea kuchapa. Ukimsalimia anaitikia. Ukimtania anasubiri umalize. Watu husema amejikaza. Mimi naona hajikazi chochote, amekufa ganzi tu.

Mwezi uliopita akaja Raphaël, kijana kutoka upande wa Wamaza, na kazi yake ya kumaliza masomo. Wasomi wetu wana mambo. Alitaka kulinganisha bei ya dhahabu ya Lusangi na bei ya hisa za kampuni moja kubwa ya dhahabu ya huko ng'ambo. Kuna tovuti inayotoa bure bei za zamani, siku kwa siku. Djamila akampakulia za mwaka juzi na mwaka jana.

Faili lilipofunguka, siku zilikuwa pungufu. Kila baada ya Ijumaa ilifuata Jumatatu. Yeyote anayetumia mtandao wa Kasongo angefikiri alichofikiri yeye, kwamba mtandao umekatika katikati ya kazi ukala siku mbili. Alipakua tena mara tatu, megabaiti zikaisha, nikamuuzia nyingine. Mwishowe akajaza mwenyewe kwa mkono, Jumamosi zote na Jumapili zote za miaka miwili, kila moja akiipa bei ya Ijumaa yake. Raphaël hakukagua. Nani anakagua kitu kilichochapwa vizuri?

Mwalimu wake alikagua. Akamwambia alete jedwali safi kufikia Ijumaa, la sivyo hatatetea kazi yake na atarudia mwaka mzima. Nyumbani kwao walikuwa wameshauza mbuzi wa mwisho. Kijana akaja na macho mekundu, akaeleza kwamba soko la hisa hufungwa Jumamosi na Jumapili, siku hizo hazina bei, na faili lilikuwa zima tangu mwanzo.

Djamila akaacha kuchapa. Nina miaka sita mlangoni pake, sijawahi kumsikia akibishana na mteja.

"Siku ya Mungu watu iko wanauzisha dhahabu ku Lusangi," alisema, maana Jumapili kwetu ndiyo siku ya Mungu. "Wanachimba. Wanakufa pia. Namna gani inakosa bei?"

Sauti yake haikupanda. Raphaël aliniangalia nimsaidie; nikajifanya napanga vocha. Niliona haya, na mpaka leo naona.

"Mama, ni sheria yao," akasema kijana. "Wakiona siku ya Mungu moja tu, wananifukuza."

Basi Djamila akaanza kufuta. Raphaël alimwonyesha namna ya kuziondoa zote kwa mara moja, akakataa. Alisema amezijaza moja moja, atazitoa moja moja. Asubuhi nzima nilisikia kidole kile kile kikibonyeza kitufe kile kile.

Alipofika mwezi wa nane wa mwaka juzi, kidole kikasimama. Nilisogea nikaangalia juu ya bega lake. Ilikuwa tarehe yenyewe, Jumapili ya Moussa, nayo ilikuwa na bei aliyoiandika yeye. Raphaël hakujua kitu, alikuwa anatazama saa ya simu yake.

"Na hii?" Djamila akamuuliza.

"Yote, mama."

Akabonyeza. Mstari ukaondoka, Jumatatu ikapanda ikakaa chini ya Ijumaa, zikagusana. Djamila akashuka kwenye Jumamosi iliyofuata.