Walisema mulima wetu iko mutupu, na maharagi yake iko mudomoni mwao

Wakuu, salamu kutoka Mweso.

Kabla sijaanza: mimi ni mubibi. Miaka makumi nane nilishaipita, macho inaona vizuri, na simu hii nilinunua mimi mwenyewe. Kwa hiyo asikuye muntu kuniuliza "nani anakuandikia". Ninayoandika hapa niliyaona na macho yangu, na siongeze chumvi. Chumvi iko bei.

Mwezi uliopita kulikuwa sherehe hapa ya kukumbuka Mama Furaha, "mwanamuke wa kwanza mu politike ya eneo letu". Waheshimiwa bakakuya na magari, bakasoma ma discours, hotuba ndefu. Nilisikia uongo mingi mpaka masikio ikachoka.

Mama Furaha alikuwa dada mukubwa wa mama yangu. Basi musikilize ya kweli.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi musichana wa kukaribia kuolewa. Juu ya kijiji chetu kuko mulima tunaita Kabirundo. Bamama wote walilima kule, maharagi na viazi. Mama yangu alikuwa na shamba lake, na Mama Furaha lake karibu na letu. Bila Kabirundo hatukuli, njo vile tu.

Sasa muzungu mumoja mulimaji wa pareto akautamani ule mulima.

Serikali ya wabelgiji ilikuwa na adabu yake ya ajabu. Kabla ya kukunyanganya udongo, ilikuwa inauliza wenyeji kwanza: kule kuko muntu ao kuko mutupu? Kama bazee wanasema mutupu, basi, muzungu anapewa.

Administrateur, muzungu wa serikali, akakuya na kalani wake, bakakaa ku barza ya chef, mutawala wetu wa jadi. Wanaume wote walikuwa ku viti. Bamama tulikuwa nyuma na vyungu, ju zamani ile serikali ikitembea, banamuke ndio wanaileteaka chakula. Bule, bila asante.

Kalani akauliza. Papa Bauma, mukubwa wa kijiji chetu, akasimama. Alikuwa muntu wa kujipenda, kofia hata ku jua, hata ku mvua. Akasema:

"Kabirundo? Kule hakuna muntu, Bwana. Iko mutupu. Hakuna hata mugomba mumoja."

Bazee wote bakatikisa vichwa. Mutupu, mutupu.

Ngoja niwaeleze, ju vijana hamujui. Kwetu, mugomba njo ulikuwa alama ya mwenye udongo. Mwanaume anapanda migomba, watoto wake wanarizi. Maharagi inapandwa, inavunwa, inakwisha, na ni kazi ya banamuke. Papa Bauma hakukula rushwa, musifikiri hivyo. Aliangalia ule mulima maisha yake yote, akaona hakuna ndizi, akaona hakuna kitu. Muke wake mwenyewe alikuwa analima kule! Alikuwa anamuona asubuhi anapanda na jembe, mangaribi anashuka na kitunga ku mugongo. Alifikiri anatokaka wapi, mbinguni?

Aka! Hata leo nikikumbuka, damu inachemuka.

Mama yangu alinishika mukono. Tulijua ikiandikwa pale, mavuno ile njo ya mwisho.

Mama Furaha akaweka chungu chini. Hakuomba ruhusa. Akapita katikati ya viti mpaka mbele ya administrateur, ambaye alikuwa na kijiko mudomoni, akamuambia:

"Bwana, hayo maharagi iko tamu?"

Kalani akatafsiri. Muzungu akasema ndiyo, iko tamu.

"Ilitoka ku ule mulima mutupu."

Bamama nyuma tukacheka mpaka vifuniko vikaanguka.

Papa Bauma akapiga fimbo chini. "Mwanamuke hasemeke ku barza!"

"Basi na chakula chake kisiliwe ku barza, Papa," Mama Furaha akamujibu. "Weka ile sahani chini. Kabirundo hakuna muntu, sasa wewe unakula ya nani?"

Kesho yake administrateur akapanda mulima yeye mwenyewe, jasho inamutiririka mpaka ndani ya soksi. Akakuta bamama wote kule, kila mumoja ku shamba lake, maharagi inatoa maua. Akaangalia, akashuka kuandika yake.

Sasa ku sherehe, mheshimiwa mumoja alisema "Mama Furaha aliokoa Kabirundo". Nusu, baba! Aliokoa nusu. Upande wa chini, karibu na barabara, udongo mweusi muzuri, muzungu alipata. Shamba la mama yangu lilienda na ule upande. Mama Furaha akakata lake katikati akamupa mama yangu. Hiyo hakuna aliyeisema ku micro.

Na ku conseil, kamati ya washauri wa chef, Mama Furaha aliingia namna gani? Walisema "wazee wetu kwa hekima yao walimuita". Hekima ya wapi? Administrateur alisema huyu mwanamuke akae ndani, ashugulikie mambo ya chakula, afazali apige kelele mule kuliko mbele ya wageni. Chef akacheka, akakubali. Siku ya kwanza hakuna kiti. Bakamuonyesha mukeka kwa pembeni. Akarudi nyumbani, akabeba kigoda chake cha jikoni, akakiweka katikati yao. Miaka yote alikaa ku kile kigoda, akienda akirudi nacho ku kichwa.

Neno lake la kwanza mule lilikuwa hili: "Macho yenu inajuaka kuona migomba tu. Basi tutapanda migomba."

Yesu wangu! Ungesema ameua muntu. Mwanamuke kupanda mugomba ku udongo ilikuwa kama kutangaza bwana wake amekufa. Bamama bamoja walifukuzwa nyumbani. Baba yangu hakusema na mama yangu siku mingi. Halafu asubuhi moja tukamukuta iko anachagua miche ya migomba nyuma ya nyumba, amenuna, akaibeba mwenyewe mpaka juu. 

Na mimi nilipanda wangu mbele ya kuolewa, ku mupaka wa shamba. Mama Furaha alishika mche, mimi nikarudishia udongo. Akaniambia, "Mtoto, hapo sasa wanaona."

Bamama wakaanza kutoka mbali kumuuliza, mpaka Pinga kule Walikale, wanatembea na miguu mu pori. Kila mumoja alirudi na mche ku kichwa. Na wakati wa kura ya kwanza, mbele ya uhuru, wanaume peke yao ndio walipiga. Huyu aliyewafundisha kuona udongo wao, wakamuambia abaki nyumbani. Akabaki analima.

Sasa turudi ku sherehe.

Waliifanyia juu kabisa, Kabirundo. Hema kubwa, viti vya plastike, plaque ya jina lake imefunikwa na kitambaa. Sisi bamama wa familia, kijana wa protocole, mwenye kupanga wageni, akatuonyesha nyuma, kwa masufuria. "Viti ni vya ba officiels, Mama." Sawa.

Nikapita nyuma ya hema. Nikaona visiki. Migomba yote ya mupaka imekatwa, imelazwa chini, majani ingali mabichi. Na wangu ulikuwa pale. Miaka yote hiyo unazaa, unakufa, watoto wake wanachipuka, unazaa tena. Nikakaa chini ku majani.

Aliyekuya kuniinua ni mheshimiwa mwenyewe aliyesimamia sherehe. Munajua ni nani? Mujukuu wa Papa Bauma. Anafanana naye mpaka kofia.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona mulikata?"

Akatabasamu vizuri, meno yote inje. "Mama, tulitafuta nafasi ya hema. Hapa ilikuwa mutupu."

Asante ya punda ni mateke, wakuu. Nilimuangalia. Nikaenda kupakua chakula. Alikula maharagi sahani mbili.

Wiki jana nilirudia kule na jembe. Plaque iko inangaa, jina limeandikwa vibaya. Visiki vimeanza kuchipuka, nikapalilia.

Nilichojifunza ni kifupi: mukisikia mukubwa anasema nafasi fulani iko mutupu, musibishane naye. Muulizeni kwanza asubuhi alikula nini, na nani alilima.

Haya, nawaachia uwanja. Kwenu bamama kama huyu walikuwa nani, na nani leo iko anakalia viti vyao? Mwenye kutaka kutetea mheshimiwa, na yeye aandike. Lakini aanze na kutuambia amekula nini.