Frigo kwenye Pointi ya Kumi na Nne

Huku Butembo kila mtu yuko njiani. Huyu anapeleka maharagi, yule anaenda Uganda kuchukua vitenge, mwingine amerudi jana na kesho anaondoka tena. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kiti cha barazani, na nikifika hapo napumzika. Lakini nilimaliza sekondari, nina mwandiko mzuri, na sikosekani nyumbani. Kwa hiyo mtaa mzima unaniletea barua zake: mialiko ya ndoa, malalamiko kwa chefu wa mtaa, hata barua ya kumwomba mke arudi. Yule mke alirudi. Nilijivuna wiki mbili.

Ndiyo maana yaya, dada yangu mkubwa anayekaa Beni, alinipigia simu.

"Mudogo, uko wapi?"

"Niko kwa nyumba."

"Nilijua. Nauliza tu kwa heshima."

Yaya ana ugonjwa wa sukari. Anajidunga insulini kila siku, na dawa hiyo haipatani na joto: ikipata joto inakufa ndani ya kichupa, nawe unajidunga maji tu. Beni si Butembo, kule jua linachoma, na kwake hakuna frigo, yaani jokofu. Mwaka huo alikuwa ameanguka mara mbili sokoni, mara ya pili juu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya jirani yake, ambaye bado anamkumbusha. Na wakati huo huo, hatua chache kutoka mlango wake, kituo cha afya kina frigo kubwa iliyobaki tangu siku za Ebola. Nusu yake ni tupu. Muuguzi alikuwa anamjibu kila mara: "Maman, hii ni frigo ya chanjo. Sukari haiko kwa karatasi."

Sasa mbunge wetu wa taifa, honorable, alikuwa anakuja likizo kusikiliza wananchi, na huko Kinshasa yumo kwenye komisyo inayotunga sheria za afya. Chama cha wagonjwa wa sukari na presha kikataka kumsomea memorandumu. Yaya akajitolea kumleta mwandishi. Hakuniuliza.

Niliandika ukurasa mmoja, frigo ikiwa juu kabisa. Kisha chama kikakaa kuusoma, na mzee mmoja akasema: "Honorable haiko mutu wa kuya kila siku. Tutumikishe nafasi." Kwetu hilo ndilo neno linaloua memorandumu zote. Likaingia daraja. Zikaingia taa za sola za barabarani, paa la shule, vizuizi vya barabarani, uwanja wa mpira. Wazee waliongeza yao kwanza, watu wa kanisa wakafuata, wamama mwisho. Frigo ya yaya ikateremka hadi pointi ya kumi na nne. Nami sikupinga, kwa sababu kila pointi mpya ilinipa nafasi ya kuandika "vilevile, kwa unyenyekevu mkubwa".

Siku yenyewe nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Beni. Nilishikilia koti la dereva kwa nguvu, hata akaniuliza kama tumeoana. Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa, na mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, sisi wagonjwa wa sukari na ndugu zao tulikuwa tumempangia mgeni makreti ya sucré, zile soda tamu kupita zote. Honorable aliziangalia, akaangalia jina la chama ukutani, akaomba maji.

Mtu wa itifaki alinipa dakika tano. Nikamsalimu honorable, nikaisalimu familia yake, komisyo yake, wakubwa waliopo, na waliokosa kwa sababu zisizozuilika. Nilipofika katikati ya daraja, yule wa itifaki akainua mkono. "Merci, mwandishi. Bile bingine honorable atasomea ndani ya gari." Watu wakapiga makofi. Nisidanganye: nilifurahi kukirudia kiti. Nikakaa.

Yaya akasimama.

"Honorable, pardon. Huyu mudogo wangu anaweza kusalimia batu mupaka jua inazama. Mi niko na pointi moya tu, ni ya kumi na ine."

Akaeleza frigo, kichupa, sokoni, hadi sombe. Ukumbi ukacheka.

Honorable alijibu vizuri, siwezi kumsingizia. "Maman, kule Kinshasa ugonjwa yenye kukimbia ndiyo inapata gari. Ebola ikitokea, tunaikala palepale, tunapiga kura, gari inatoka. Sukari haikimbie. Inaikala tu ndani ya nyumba, polepole."

"Sawa na huyu mudogo wangu," yaya akasema.

Hata padri alicheka. Nami nilicheka, ningefanya nini?

"Donc," honorable akaendelea, "tuko natafuta kuingiza artikele kwa sheria: kila kituo ikuwe na dawa ya magonjwa ya kudumu."

"Hiyo artikele itakuya na frigo ndani?"

"Hapana, maman. Sheria inafungua mulango. Frigo iko na mwenyewe."

Vichwa vyote vikamgeukia daktari mkuu wa zoni ya afya, ambaye vituo vyote viko chini yake. Alikuwa safu ya pili, na sucré yake imefika nusu.

"Hakuna mutu aliniandikia," akasema. "Banaandikia Kinshasa tu. Na mi niko hapa, nyuma ya soko!"

Ndivyo tulivyo. Tulikuwa tumeliandikia bunge la taifa kuhusu mlango ambao ufunguo wake uko mtaa wa pili.

"Mudogo, andika," yaya akasema.

"Nianze na salamu?"

"Jaribu uone."

Niliandika sentensi moja: tunaomba dawa za sukari zihifadhiwe kwenye frigo ya kituo, mbali na chanjo. Daktari akaongeza kwa bic yake "tablete ya chini", yaani rafu ya chini, akatia sahihi juu ya goti. Honorable akaomba kopi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Alisema ataisoma mbele ya komisyo, kwa sababu ile ni fupi. Artikele yake bado iko mezani kule, nasikia inajadiliwa, na tunamsubiri.

Mwezi uliopita nilirudi Beni, kwa hiari yangu, muandike hilo mahali. Yaya alinipeleka kituoni. Muuguzi akafungua frigo, akatuonyesha tablete ya chini: vichupa vya watu tisa, kila kimoja na jina, na chupa moja ya maziwa ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Yaya hajaanguka tena tangu hapo. Alichukua kichupa chake, akakibandika shavuni pangu.

"Sikia," akasema. "Baridi."