Nilitafsiri Barua ya Kazi ya Binti Yangu Kanisani, Sasa Mama Yangu Anangoja Jibu

Admin, nifunike vizuri, maana sura hii inajulikana kutoka Salama mpaka Zombe. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, nilifiwa na mke, na kazi yangu ni kuchoma nyama hapa Salama kando ya barabara kubwa. Shule niliachia kidato cha pili, lakini msinidharau. Madereva wa Kongo, Rwanda na Uganda wote wamekula kwangu, na kila mmoja ameniachia maneno kidogo. Kiingereza changu hakina cheti lakini kina mdomo. Siku za kawaida nikianza stori, mteja anasahau kwamba nyama bado ni mbichi. Leo sina stori ya kuchekesha.

Mke wangu alifia nyumbani Zombe. Alianza na macho ya manjano, tumbo likavimba, na kabla hatujajua tunapambana na nini tukawa tunachimba kaburi. Daktari aliniita kando akaniambia ni mahindi. Yalikuwa yameshika ukungu, na sumu ya ukungu ikala ini. Sasa hayo mahindi ni mama yangu aliyeyaweka. Mwaka huo wezi walikuwa wanavunia watu mashamba, kwa hivyo aliyatoa kabla hayajakauka, akayajaza kwa magunia ndani ya nyumba, hapo chini sakafuni. Yalipobadilika rangi akayaosha, akayatwanga kwa kinu akapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Sisi Wakamba tumeona njaa. Mtu wa umri wa mama yangu hatupi mbemba, yaani mahindi, hata punje moja. Yeye mwenyewe alikula, akaugua, akapona. Mke wangu hakupona. Mama ndiye aliyemwosha kabla ya kuzikwa.

Nilimwambia Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, kwamba ni ugonjwa wa ini tu, Mungu amempenda zaidi. Ukweli nilimwambia binti yangu peke yake, alipokuwa mkubwa wa kuuliza na kukataa majibu ya kitoto.

Huyo binti ndiye kiburi changu. Alienda chuo akasomea chakula, na mimi naamini najua sababu. Juzi kampuni moja ya unga ikatangaza kazi ya mtu wa kupanga bidhaa mpya: itengenezwe vipi, kwa nafaka gani, ihifadhiwe vipi mpaka imfikie mama kwa duka. Walitaka barua ya kusema kwa nini unaitaka hiyo kazi. Akaiandika. Ilikuwa itumwe kwa simu, lakini kwetu barua ya kazi haiendi kabla kanisa halijaiwekea mikono. Akaiprinti kwa saiba, duka la kompyuta, akaitia kwa bahasha, Jumapili tukaenda kanisani kwetu Zombe.

Kawaida Pasta huinua bahasha, watu wananyoosha mikono, wanaomba, imeisha. Ni mimi niliyeharibu. Nilisimama nikasema, "Pasta, tutaombeaje kitu hatujui kinasema nini? Leta maiki niwatafsirie wazee!"

Binti akanivuta koti. "Baba, wacha. Tafadhali. Hiyo ni ya kampuni."

Nikamjibu kwa maiki, "Huyu ananionea aibu! Hajui babake ni wa kimataifa!"

Kanisa likacheka. Mwaitu alikuwa benchi ya mbele na kitambaa chake cheupe, akacheka kuliko wote.

Nikasoma. Kiingereza kidogo, Kikamba kidogo, vigelegele. Shule aliyosoma, vigelegele. Degri, vigelegele. Halafu nikafika hapo: "Mama yangu aliuawa na mahindi ambayo nyanya yangu aliyahifadhi kwa upendo, bila kujua. Nataka kupanga chakula ambacho hakitamfanyia hivyo mtu mwingine."

Wapendwa, mdomo wangu ulikuwa umeshika mteremko kama lori la simiti lililokatika breki. Kikamba kilitoka chote, kizuri kabisa, kabla kichwa hakijaelewa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Pasta alinyakua maiki akaanzisha wimbo, akauimba peke yake.

Tangu siku hiyo Mwaitu haingii jikoni. Kinu amekipindua. Dada yangu yuko kazini Mombasa, na watoto wake wawili wanaishi na Mwaitu. Sasa anawatuma wakale kwa jirani. "Mkono huu msile," anawaambia. Binti yangu akimsalimia, anaangalia chini.

Kumbe barua binti alishaituma kwa simu usiku wa Jumamosi, maana muda ulikuwa unaisha. Kampuni wamepiga wakasema hayo maneno ya mahindi yaliwagusa, aje intavyu awaeleze zaidi. Binti amekataa. "Baba, siwezi kumwanika Susu tena ndio nipate mshahara." Susu ni nyanyake. Nimembembeleza, ananijibu, "Wewe umeshatafsiri. Inatosha."

Leo asubuhi Mwaitu akanipigia simu. Hakusalimu.

"Mwana wakwa, mimi sikusoma. Niambie wewe. Mtoto aliandika vile ndio apate kazi, ama ni kweli ni mimi?"

Mimi mwenye maneno ya nchi nne nikageukia jiko. Nikasema, "Mwaitu, nyama inaungua, nitakupigia."

Akasema, "Usichelewe. Mahindi hayajakauka na wezi wameanza. Kama mtoto alidanganya, nayavuna niyaweke ndani vile tumezoea, na wajukuu warudi kwa sufuria yangu. Kama ni mimi, niambie, niyawache huko shambani."

Oneni vile nimebanwa. Nikisema mtoto alitia chumvi, mama yangu atapona moyo, lakini binti ataitwa mwongo na wale watoto watakula hayo mahindi. Nikisema ni kweli, nitakuwa nimemwekea mkononi kifo cha mtu aliyempenda kama amemzaa, na miaka yake imeenda sana, sijui kama atasimama. Nimenunua turubai la kuanikia na mifuko ile isiyopitisha hewa, iko hapa chini ya meza ya nyama. Lakini akiishika aniulize ni ya nini?

Hapa kwangu msinitukane sana, nimeshajitukana. Nishaurini nyinyi mlio na wazazi wazee. Kesho napanda gari kwenda Zombe, na najua nitamkuta ameketi mlangoni. Nikishamaliza kusalimia, nifungue mdomo huu niseme nini?