Maiti ya Bahari

Tangu Wangazija wengi walipoukimbia mji wa Mahajanga, Madagaska, watoto waliobaki mtaa wa Tanambao walisomeshwa dini na bibi mmoja tu, Moinaecha. Kila mwaka alianza na mlango wa maji kitabuni: bahari, maji yake ni twahara na maiti yake ni halali.

Kiwanda kilichojengwa karibu na mtaa hakikuusoma mlango huo. Kilielekeza bomba lake la majitaka kwenye mikoko, na asubuhi moja samaki wakaelea kwa mamia, matumbo juu. Wanawake wakaja na vikapu, wakamwuliza kwa Kimalagasi kama wanalika. Moinaecha, bila hata kuwanusa samaki, akajibu kwa neno ambalo kila mmoja wao alilijua: "Halali."

Mtaa mzima uliharisha siku tatu, ukapona. Mikoko haikupona. Kaa walitoka mashimoni wakafia juu ya tope, kamba wakatoweka, na ndege waliowala wakahama.

Miaka kumi imepita, na mlango ule bado anausomesha, kwa sauti inayozidi kufifia. Akifika kwenye maiti ya bahari, watoto humwuliza, "Maiti gani, Bibi?" Hawajapata kuona samaki pale, hai wala mfu.