Nilivyotoka Mbio Klabu ya Wazungu

Jamani, nawasimulia haya macho nimeyainamisha, maana hadi leo nikipita Ihanja nikakuta wanawake wanacheka, najua ni mimi ninayechekwa (hata kama wanacheka jambo lao, mimi ndivyo nilivyo).

Mnaijua ile klabu ya Wazungu wachimba dhahabu, waliyoiacha ikawa ya popo. Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali wa wilaya, alitaka picha za ndani kabla paa halijang'olewa, akanipa kazi mimi, niliyejifunza kupiga picha peke yangu kwa kuharibu nyingi, nami niliitaka kwa kufa na kupona, kwa sababu baba yake Elizabeti alikuwa hajajibu posa yangu, na kila akiulizwa anasema, "Kijana anashinda kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Hiyo nayo ni kazi?"

Basi nikaingia. Viti vimepinduka, meza zimeliwa na mchwa, na nyuma ya kaunta kuna kioo kikubwa, na kila nikiisogeza kamera, shati langu jeupe na kaptula yangu nyeupe vinang'aa humo kiooni. Mwingine angeacha tu. Mimi nikavua nguo zote, nikajifunga kiunoni kile kitambaa cheusi cha kufunikia kamera, nikalipua ule unga unaotoa mwanga wa kupigia picha gizani. Picha ilitoka safi (ndiyo bora kuliko zangu zote), ila moshi ulipanda kwenye dohani, na kwenye dohani walikuwamo nyuki.

Sikukumbuka nguo. Nilikimbia hadi barabarani huku nikijipiga makofi, kitambaa kinapepea, nikatokea katikati ya wanawake wanaotoka kisimani, na wa mbele alikuwa mama yake Elizabeti!

"Heh! Wachawi siku hizi wanatembea mchana?" akasema mmoja.

Nami kwa woga nikachuchumaa, nikapaza sauti, "Shikamooni!"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mama yake Elizabeti peke yake hakucheka. Alivuta kaniki akafunika uso, akaingia kwenye mtama, akasimama kunipa mgongo. Nikajua nimemkosa Elizabeti.

Ndipo shangazi yake Elizabeti akaita, "Wifi! Unamkimbia nani? Si mkwe tu ndiye anayekimbiwa hivyo?"

Sauti ikatoka mtamani: "Sasa nitamkimbia nani mwingine? Mpeni kaniki ajisitiri, aende zake!"

Kwetu mama hamfichi uso mwanamume ila yule aliyemkubalia amwoe binti yake, na huyu alikuwa amenificha uso mbele ya mashahidi wote wale. Jioni baba mtu alituma jibu, akasema ataanzaje kukataa wakati mkewe amekwisha kuingia mtamani. Nilikaa chini nikacheka na mdomo wangu uliovimba kwa nyuki.

Ila nimeapa, sivui tena nguo kwa ajili ya picha, hata iwe ya nani. Na mama mkwe wangu, mpaka leo hatutazamani, nami kila siku namshukuru Mungu kwamba hatutazamani.